Je, wajua kuna watu walikuwa wanalipwa kugonga madirisha ya watu alfajiri?

Hiyo alamu ya simu unayoizima kila asubuhi huku umenuna, enzi za viwanda kule Uingereza ilikuwa ni mtu kabisa, anapita mtaani na ufito mrefu anagonga dirisha la ghorofani mpaka uchungulie ndo ahamie kwa jirani. Alilipwa peni chache kwa wiki. London mashariki miaka ya 1930 kulikuwa na mama mmoja, Mary Smith, yeye alitumia mrija, anapuliza njegere kavu hadi kwenye kioo (shabaha hiyo sio mchezo).

Sasa si jogoo yupo? Jogoo hajui shifti bana.

Kabla ya viwanda mfumaji alifanya kazi kwake, kitanda cha mfumi (mtambo wa kufumia nguo) kiko humo humo ndani, aanze saa ngapi shauri yake ilimradi siku ya kupeleka kitambaa kiwe tayari. Jumatatu wengi hawakugusa kazi kabisa, wanazimua pombe za Jumapili, na siku yenyewe wakaipa jina Mtakatifu Jumatatu kama vile ipo kwenye kalenda ya kanisa! Halafu mwisho wa wiki ndo wanakesha kufidia.

Mwaka 1771 mfanyabiashara mmoja wa huko, Richard Arkwright, akaanza kujenga kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba pale Cromford, kinaendeshwa na nguvu ya maji. Gurudumu likizunguka mashine zote zinazunguka kwa pamoja, kwa hiyo wewe ukichelewa yako imelala na bosi anapata hasara, ndo zikaja kengele, shifti za masaa 12, na kukatwa mshahara kwa kuchelewa. Na saa yenyewe anayo bosi, wafanyakazi walilalamika sana kwamba kuna viwanda mishale inasogezwa mbele asubuhi, jioni inarudishwa nyuma, yaani unaibiwa dakika ukiwa unaangalia.

Treni nazo zikamalizia. Bristol, mji ulio magharibi mwa London, ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kama 10 sababu kila mji ulifuata jua lake, sasa ratiba utaipangaje? Hadi leo pale Bristol kuna saa ya ukutani yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa London mmoja wa kwao. Sheria ya saa moja kwa nchi nzima ilikuja 1880.

Ila kuna kitu cha kuvishukuru viwanda. Sheria ya 1850 ilisema wanawake na vijana wa viwanda vya nguo Jumamosi waachiwe saa 8 mchana, na bila wao mashine haziendi kwa hiyo wanaume nao wakatoka. Watu wana mchana mzima, hawana pa kwenda, mpira ukapata watazamaji, mechi zikazoeleka kuanza saa 9 alasiri kwa saa za kule. Ndo hiyo unayoikimbilia kibandaumiza Jumamosi saa 11 jioni, au saa 12 wakiwa kwenye baridi yao.