Kabla mjomba hajajibu, mgonjwa wa akili naye aulizwe

Namuuliza mgonjwa wa saratani kama anataka apasuliwe, au apewe dawa za maumivu arudi nyumbani. Kabla hajafungua kinywa, mjomba ameshajibu: "Daktari, huyu hana akili timamu, ongea na sisi." Huku Mtwara na Lindi, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake, nami naiheshimu sauti hiyo. Lakini mtu aliyeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, miaka kumi anaweza kabisa kujua anachotaka leo.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua mgonjwa anayelazwa kwa hiari, na inaweka utaratibu wa kumlaza asiyeridhia pale inapolazimu. Nisingependa ndugu, wala sisi watoa huduma, tuichukue kuwa ruhusa ya kumnyamazisha mtu katika kila jambo. Sisi tunaangalia: anaelewa anachoambiwa? Anakishika kichwani muda wa kutosha? Anapima faida na hasara? Anaweza kutujibu, hata kwa ishara? Akishindwa asubuhi, huenda jioni akaweza, akishapata dawa na usingizi; basi tunarudi. Na kila uamuzi unapimwa peke yake. Huyu anaweza asimudu hesabu za korosho, na bado akajua vizuri kwamba anataka kufia kwao Newala.

Akisema "niacheni nife" je? Hapo nakaa chini. Mara nyingi ni maumivu yasiyotibiwa, au sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Mofini ya maji na tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, hutuliza maumivu. Sonona nayo inatibika, hata kwa mtu mwenye saratani. Kukataa upasuaji ni haki ya mgonjwa anayeelewa. Kumsaidia mtu ajiue ni kosa kubwa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungu cha 217 kinamhesabu kuwa mkosaji hata aliyejaribu kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba yao. Natamani nasi tufike huko, maana hofu ya polisi inawafanya ndugu wamfiche mtu anayehitaji tiba kuliko wote.

Kwa hiyo mkija, njooni na mjomba, njooni na mama mdogo. Nitawasikiliza wote. Ila kwanza mniachie dakika kumi na mgonjwa, sisi wawili tu.