Anemoni wa Bahari Nyumbani: Usiamini Rangi Peke Yake

Anayefuga anemoni wa bahari Mtwara ana bahati ambayo mwenzake wa Dodoma hana: bahari ipo mlangoni. Maji yakipwa sana wakati wa bamvua, mtu wa Shangani au Mikindani anaweza kuwaona viumbe hawa kwenye vidimbwi vya miamba bila hata kulowa magoti. Lakini ukaribu huo umezaa maneno mengi yasiyo na ukweli, na wanaoumia ni anemoni wenyewe. Nawapenda viumbe hawa, na inaniuma kuona wakioza ndani ya kioo kwa sababu ya jambo ambalo mtu alilisikia kwa mtu.

"Ni ua la baharini, halina shida."

Si mmea. Ni mnyama, ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Ana tundu moja tu katikati, na hilo ndilo mdomo wa kulia na ndilo njia ya kutolea taka. Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande cha kamba mbichi asiyetiwa chumvi, kisizidi ukucha wa kidole kidogo, ukikaribishe kwenye minyiri, ile mikono laini iliyozunguka mdomo, kwa kibanio cha plastiki. Minyiri inanata papo hapo, maana imejaa seli zenye vijimshale vya sumu. Kisha inaanza kujikunja mmoja mmoja kuelekea katikati, mdomo unafunguka taratibu, na kile kipande kinazama chote. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Kipande kikiwa kikubwa atakitapika siku ya pili, na maji yatachafuka.

"Mwenye rangi kali ndiye mzima. Mweupe ndiye wa thamani."

Hili ndilo linaloua wengi. Ndani ya mwili wa anemoni wengi wanaofugwa huishi mwani mdogo usioonekana bila hadubini. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mwenyeji wake. Rangi ya mwani ni kahawia. Kwa hiyo anemoni wa kahawia, ambaye wanunuzi wengi humpita bila kumtazama mara mbili, mara nyingi ndiye mwenye ghala lililojaa.

Kijani, waridi na wekundu unaong'aa chini ya taa ya buluu hutokana na protini zilizo kwenye ngozi ya mnyama mwenyewe. Moja ya protini nyekundu za aina hiyo ilitolewa kwenye *Entacmaea quadricolor*, anemoni ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama puto, na protini za ukoo huo leo hutumika maabara kufuatilia mambo yanayotokea ndani ya seli. Rangi hizo ni za kweli na ni nzuri, ila hazikwambii kama mnyama ameshiba au ana njaa. Tena hubadilika kwa taa: anayeng'aa dukani chini ya buluu anaweza kuonekana wa kawaida kabisa chini ya taa nyeupe ya sebuleni.

Mweupe kabisa, anayekaribia kupitisha mwanga, amepoteza mwani wake. Ana njaa. Jambo hilohilo liliyapata matumbawe ya Tanzania mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda na miamba mingi ikageuka nyeupe. Wapo pia wa manjano makali au zambarau iliyoenea mwili mzima sawasawa, minyiri hadi kiwiliwili. Katika biashara ya kimataifa ya viumbe hawa, wengi wa namna hiyo wamepakwa rangi baada ya kupauka. Asiyejua hulipa bei ya juu kwa mnyama anayekufa. Mweupe anaweza kupona akipata mwanga wa kutosha na vipande vidogo vya chakula kwa miezi, lakini hiyo ni kazi ya mfugaji mzoefu.

"Rangi inakwambia ni aina gani."

Haikwambii. Aina moja huweza kuwa na rangi tano, na aina tano zikawa na rangi moja. Tazama mambo mengine: amekaa wapi, minyiri yake ina umbo gani, na kiwiliwili chini ya minyiri kikoje.

*Entacmaea quadricolor* huficha unyayo wake, yaani kitako anachojishikizia, ndani ya ufa wa mwamba, na kiwiliwili chake ni laini, hakina vipele. Zile puto za nchani huja na kuondoka, kwa hiyo usimkatae kwa kuzikosa. *Heteractis magnifica* hupenda kukaa juu ya mwamba, mahali pa wazi penye mkondo. Minyiri yake ina ncha butu kama vidole, na anapojikunja unaona kiwiliwili chenye rangi kali, mara nyingi zambarau. *Heteractis crispa* ana kiwiliwili kigumu kama ngozi, chenye vipele vinavyonata, na minyiri mirefu iliyochongoka. *Heteractis aurora* hukaa mchangani, na minyiri yake ina mafundo kama ushanga. Huyo ukishamwona mara moja humsahau.

Wale waliotandaa kama zulia, wenye minyiri mifupi, ni wa jenasi ya *Stichodactyla*. *S. mertensii* hushikilia mwamba, ana vipele vya rangi ya chungwa au zambarau kwenye kiwiliwili, na anaweza kuzidi mita moja kwa upana. Fikiria hilo kabla ya kumtia kwenye tangi la lita 100. *S. haddoni* hukaa mchangani na hunata vibaya sana. Akikugusa, usijifute macho kwa mkono huo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuuzia ni hili: alikuwa mchangani au mwambani? Wa mchangani anahitaji mchanga wa kina wa kuzamisha unyayo, wa mwambani anahitaji ufa. Ukiwabadilishia, watazungukazunguka tangini bila kutulia.

"Maji ya bahari yapo bure. Jaza tangi leo, kesho mweke."

Maji yapo, sawa. Lakini tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia inayotokana na taka. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na hata hapo tangi ni changa kwa anemoni. Wafugaji wengi wenye uzoefu husubiri miezi sita au zaidi, na mimi naungana nao kabisa.

Uchotaji nao una utaratibu. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mifereji ya mji, wala usichote baada ya mvua kubwa za masika au karibu na mdomo wa mto, kwa sababu chumvi imepungua. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maji kutokana na chumvi: unataka 1.025 au 1.026. Maji yakipungua tangini kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo, kwa hiyo ongeza maji yasiyo na chumvi, usiongeze ya bahari. Ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Ya mvua yaliyopita juu ya bati yana zinki, yaache. Na dawa yoyote ya samaki yenye shaba isiguse tangi hilo hata tone; samaki atapona, anemoni atakufa.

Vitabu vya nchi za baridi vinasisitiza hita. Kwetu adui ni joto. Lengo ni nyuzi 25 hadi 27, wakati chumba chenye paa la bati mwezi wa Februari kinavuka 30 mchana. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi moja hadi tatu, ingawa siku zenye unyevu mwingi hupoza kidogo. Tangi lisikae dirishani ati apate mwanga wa jua. Jua lilelile litampikia maji. Nunua taa nzuri, iwake kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku. Uwe pia na pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme ukikatika.

"Bila samaki wake hawezi kuishi."

Anaweza. Samaki wake, wale wadogo wanaojificha kati ya minyiri, humletea chakula, mbolea ya mwani, na ulinzi dhidi ya samaki wanaomdonoa, lakini kwenye tangi wewe ndiye mlinzi. Na yule samaki wa chungwa mwenye mistari mitatu myeupe ambaye watoto humdai si wa kwetu. Anatoka mashariki ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wa pwani yetu ni *Amphiprion akallopisos*, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni, na *A. allardi*, mweusi kiasi mwenye mapezi ya chungwa. Wa kwanza huchagua *H. magnifica* na *S. mertensii* tu.

"Akisinyaa amekufa, na wala hawaishi sana."

Husinyaa ili kutoa maji machafu, kisha hujaa tena. Kinachotisha ni mdomo ulioachama siku nzima, unyayo uliochanika, au harufu ya kuoza. Hapo mtoe upesi, kwa sababu mmoja akioza anaweza kuua tangi zima. Akiamua kuhama, mwache ahame, ila kila pampu iwe imezibwa kwa sponji, vinginevyo itamvuta na kumkata.

Kuhusu umri: John Dalyell, mtaalamu wa viumbe wa Scotland, alichukua anemoni mmoja ufukweni Scotland mwaka 1828. Dalyell alifariki 1851, na anemoni akaendelea kuishi Edinburgh hadi 1887, ndani ya chombo cha kioo, akibadilishiwa maji ya bahari.

"Wale wadogo wa kahawia wakatekate, watakwisha."

Wadogo wenye minyiri iliyochongoka wanaokuja na mawe ni *Aiptasia*, anemoni wanaoenea tangini kama magugu. Kila kipande cha unyayo kinachobaki huota kiumbe kizima. Toa jiwe lenyewe, ulikaushe juani.

"Bahari ni ya wote, nitajichukulia."

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, na Msimbati imo ndani yake. Humo hutoi kiumbe hai bila kibali. Nje ya hifadhi pia, nenda kwanza kwa afisa uvuvi wa wilaya yako, iwe Mtwara, Lindi au Kilwa, umweleze unachotaka na kwa nini. Ukiruhusiwa, ombea kibali na jiwe dogo alilokalia, umbebe nalo ndani ya ndoo yenye maji ya hapohapo. Usimbandue kwa kisu, kwa sababu unyayo ukichanika hata kidogo, kidonda huoza kabla hujafika nyumbani.