Je, wajua? Miaka 12 shambani haimpi mgeni aliyeazimwa shamba

Kaa kijiweni Tukuyu au Mafinga, mazungumzo yafike kwenye ardhi, na hutakosa wa kusema: "Akishalima miaka 12, shamba lake." Nami niliamini hivyo. Nilimshauri hata baba mkubwa asihangaike kulidai shamba lake la migomba alilomwazima shemeji yake kule Rungwe, kwa kuwa miaka 15 ilikuwa imepita. Nilimshauri vibaya, na bado linaniuma.

Miaka 12 ipo kweli. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kufungua shauri la kuirudisha. Tatizo ni kwamba wengi tunaanza kuhesabu siku mtu alipoingia shambani, wakati sheria inahesabu tangu siku haki ya mwenyewe ilipovunjwa. Siku hizo mbili zinaweza kupishana kwa miaka mingi, na kwa aliyeazimwa hiyo ya pili inaweza isifike kabisa.

Chukua jembe. Jirani amekuja asubuhi, umempa. Siku hiyo hajakukosea, huna cha kumshitakia. Akilimia msimu huu, na ujao, na wa tatu, kwa ruhusa yako, bado hajakukosea. Sasa unalitaka, anakwambia, "Jembe gani? Hili langu." Hapo ndipo ugomvi umezaliwa, na hapo ndipo muda unaanza kukimbia. Misimu yote ya nyuma haihesabiki, maana alikuwa analimia ruhusa yako.

Shamba ni vilevile. Mahakama Kuu ilishasema tangu 1972 kwamba aliyekaribishwa hawezi kumpora mwenyeji wake, hata kama ameendeleza mahali hapo kwa vitu vya kudumu. Kwa hiyo parachichi na paina alizopanda hazimgeuzi mwenye ardhi. Mahakama ya Rufani nayo, katika rufaa ya Masista wa Roho Mtakatifu dhidi ya watu 137 (Rufaa ya Madai Na. 193 ya 2016), ilipanga vigezo vya anayedai ardhi kwa kuikalia: mwenyewe awe ameitelekeza, mkaaji awe ameishika waziwazi bila ridhaa yake, akiwa na nia ya kuimiliki, na miaka 12 ipite bila kukatizwa. Hilo neno "bila ridhaa" ndilo linalomwangusha mgeni.

Tahadhari ni kwamba ruhusa lazima ithibitishwe, na huku kwetu ardhi huazimwa kwa mdomo. Mgeni akianza kuuza vipande au kukufukuza shambani nawe ukanyamaza, anaweza kudai ugeni wake uliisha siku hiyo, na hesabu ikaanza.

Nilipogundua kosa langu nilirudi kwa baba mkubwa kumuuliza ana ushahidi gani. Akanikumbusha kwamba kila Desemba shemeji yake alileta mkungu wa ndizi na kuuweka barazani, akisema, "Hii ya shambani kwako." Mtu haleti shukrani kwa shamba lake mwenyewe. Aliacha kuleta mwaka juzi, parachichi zilipoanza kuzaa. Wazee walioshuhudia siku shamba linaazimwa walikuwa wawili, na mmoja tumeshamzika.