"Kompyuta inachezewa": maneno ya wakubwa wa vyuo ambayo nimechoka kuyasikia

Juzi nilikaa tena kwenye kikao cha chuo kimoja, na kabla chai haijafika mkubwa mmoja akalitoa lile ninalolijua kwa moyo: "Sisi matokeo tunayaacha kwenye karatasi, maana kompyuta inachezewa." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kazi yangu ni kufunga mifumo ya taarifa za wanafunzi vyuoni hapa Tanzania, na neno hilo nimelisikia kwa maprofesa, kwa wahasibu, hata kwa mhudumu wa masijala. Leo niwajibu wote kwa pamoja.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mwalimu anasahihisha, anajaza fomu. Fomu inakwenda kwa mkuu wa idara, inanakiliwa. Inakwenda ofisi ya mitihani, inanakiliwa tena, mara nyingi kwenye Excel ya mtu mmoja inayoishi kwenye flashi yake. Kisha kamati, kisha seneti, kikao cha juu cha taaluma chuoni. Kila kituo ni mkono mwingine. Mtu akiigeuza 38 ikawa 88 kwa kuiziba tu ile 3, nani atajua ni nani, lini, na mwanzo ilikuwa ngapi? Na aliyepewa supu, yaani mtihani wa marudio, kwa makosa ya kunakili wala hagundui mapema. Anagundua mahafali yanapokaribia na jina lake halimo.

Mfumo uliofungwa sawasawa haufuti alama ya zamani. Unaiacha, kisha unaandika alama mpya, akaunti iliyobadili, saa, na kompyuta iliyotumika. Hiyo ndiyo logi. Seneti ikishapitisha matokeo, dirisha linafungwa: kubadili alama moja kunataka mmoja aombe na mwingine aidhinishe.

Sasa, sisemi alama hazichezewi kwenye mifumo. Zinachezewa, na nimeitwa kuchunguza. Lakini kila nilipoitwa mlango haukuwa umevunjwa, ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo. Mkuu wa idara kampa katibu muhtasi nywila yake "anisaidie kuingiza", katibu kampa kijana wa mafunzo kwa vitendo, na nywila yenyewe imebandikwa chini ya kibodi. Logi inasema mkuu wa idara alibadili alama saa 4 usiku, naye saa hizo alikuwa ndani ya basi akielekea msibani. Halafu naulizwa mfumo una kasoro gani! Ukimpa mtu nywila yako umempa saini na mhuri kwa pamoja. Katibu afunguliwe akaunti yake, yenye ruhusa ya kuingiza lakini si ya kuidhinisha. Ni kazi ya dakika 5 na haina zabuni.

Na mbona kwenye fedha hamsemi hivyo? Mwanafunzi alikuwa akileta slipu ya benki yenye mhuri, mhasibu anaipokea, mwisho wa mwaka hesabu zinagoma kulingana. Mhuri ulikuwepo, hela haikuwepo. Malipo kwa serikali yalipoanza kupitia kumbukumbu namba (control number, namba anayopewa mlipaji kwa malipo yake) mwaka 2017, taarifa ikawa inatoka benki au kwenye simu na kuingia mfumoni moja kwa moja, bila karatasi kupita mkononi mwa mlipaji. Sijakutana na mhasibu wa chuo cha umma anayetaka tumrudishie slipu.

Ushauri wangu, ambao naurudia hadi watu wananikwepa koridoni: kila Ijumaa msajili achapishiwe logi ya alama zote zilizobadilishwa wiki hiyo, aipitie mwenyewe na kalamu mkononi. Ndiyo, nimesema achapishiwe. Ugomvi wangu haujawahi kuwa na karatasi.

Mengine niyapitie haraka.

"Umeme ukikatika je?" Unakatika, kweli. Ila mchwa na bomba la dari linalovuja havingoji mgao. Nakala rudufu ikae jengo jingine, na angalau kila muhula mtu ajaribu kuirejesha. Kuna waliogundua siku ya msiba kwamba nakala yao ilikuwa faili tupu.

"Kisicho na wino sheria haikitambui." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ni ya mwaka 2015, na saini ya kielektroniki imo. Isomeni.

"Watu wa masijala watakosa kazi." Hofu hii naiheshimu, maana kazi zao hubadilika kweli. Lakini ninapohamisha kumbukumbu nakuta Mohamed, Mohammed na Muhammad, mwanafunzi mmoja, majina matatu, na cheti cha kidato cha nne kina la nne. Programu haiwezi kuniambia yupi ni yupi. Mama aliyekaa na majalada hayo miaka 20 anaweza, na bila yeye mradi wangu hauendi popote.

"Hayo ni ya vijana wa TEHAMA." Kijana wa TEHAMA ajue vipi kama mwenye GPA (wastani wa alama zake) ya 1.9 na supu mbili anaendelea au anadisko, yaani anaondolewa chuoni? Hizo ni kanuni za seneti, na mnaokaa kwenye seneti ni nyinyi. Msipokuja kwenye vikao vya mahitaji, programu itaandikwa kwa kubahatisha, kisha mtasema mfumo ni mbovu.

Na lile la mwisho: "Chuo chetu bado hakijawa tayari." Tume ya Vyuo Vikuu ilianza udahili wa pamoja kwa kompyuta mwaka 2010. Hata maombi yaliporudishwa vyuoni mwaka 2017, hayakurudi kwenye bahasha. Wanafunzi wenu wanaomba chuo mtandaoni, wanaomba mkopo mtandaoni, wanalipa ada kwa simu. Kilichobaki nje ni kabati la matokeo, na pale kwenye kikao cha juzi nilipouliza ufunguo anao nani, nikaambiwa alistaafu nao.