Venezia: mji ulio majini ulioishi kwa maji ya mvua

Kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi, hasa visima vya pwani ambako maji matamu na maji chumvi yanagombania mchanga mmoja. Mume wangu alipotaka likizo yetu tuimalizie Italia, kila mmoja na begi lake mgongoni, nilichagua Venezia kwa ajili ya visima vyake. Wageni wengi wanatazama mifereji na madaraja, nao wana haki, yanapendeza. Lakini ajabu kubwa ya mji ule iko chini ya viwanja vyake.

Shida ilikuwa hivi. Venezia imesimama juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, katikati ya wangwa wa maji chumvi, yaani maji ya bahari ya kina kifupi yaliyotengwa na bahari kuu. Haina chemchemi wala mto wake. Mito ya bara kama Brenta na Piave, Wavenezia wenyewe waliigeuza ikamwage mbali, maana tope lake lingeufukia wangwa, na wangwa ndio uliokuwa ngome na bandari yao. Ukichimba kisima cha kawaida pale unakutana na chumvi mapema. Hata hivyo katika karne ya 16 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 150,000, na walikunywa, wakapika na kuoka mikate kila siku. Maji yao mengi yalikuwa ya mvua.

Ukishuka kwenye treni stesheni ya Santa Lucia ukaacha njia kubwa inayoelekea Rialto, vichochoro vinakutoa kwenye kiwanja kidogo, ambacho wenyewe hukiita campo. Katikati utaona mdomo wa kisima: jiwe zito jeupe lililochongwa mfano wa pipa, na juu yake kifuniko cha chuma. Watu huegemeza mabegi yao hapo, wakala aiskrimu, wakaenda zao. Wakiinamisha macho wangeona kwamba sakafu ya kiwanja haiko sawasawa. Inateremka kidogo, kutoka kwenye kuta za nyumba na kutoka kwenye kisima chenyewe, kuelekea mabamba manne ya jiwe yenye matundu. Mtaa wa Dorsoduro nilimimina maji ya chupa yangu karibu na ukuta ili nione.

"Mama, watu wanatutazama," mume wangu akasema.

"Waache. Wewe tazama maji yanaelekea wapi."

Yalijikusanya taratibu kwenye viungo vya mawe, yakapata njia, yakaenda moja kwa moja hadi kwenye tundu.

Yakishaingia mle, yanafanyaje? Fundi wa zamani alianza kwa kuchimba shimo pana lenye kina cha mita kadhaa, karibu upana wa kiwanja chote, kuta zake zikiinama kama za bakuli. Shimo lote alilikandika udongo mfinyanzi, tabaka nene lililoshindiliwa vizuri. Katikati ya sakafu aliweka bamba la jiwe, na juu yake akainua bomba la matofali hadi usawa wa ardhi. Huko juu ndiko mdomo wa kisima unakokaa. Nafasi yote iliyobaki kati ya bomba na udongo aliijaza mchanga safi, kisha akafunika kwa mawe ya sakafu. Chini ya yale mabamba yenye matundu alijenga vyumba vya matofali visivyo na sakafu. Mvua inaingia humo, takataka zinatua, maji yanazama mchangani, yanachujika yakishuka, kisha yanapenya ndani ya bomba kupitia matofali ya chini. Mchota maji anashusha ndoo na kupandisha maji yaliyokwisha kuchujwa.

Udongo mfinyanzi unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: unazuia maji matamu yasitoroke, na unazuia chumvi isiingie. Mchanga nao ni chujio na ni tangi pia. Katika mchanga wa namna ile, karibu theluthi moja ya ujazo ni nafasi kati ya chembe, hivyo mita moja ya ujazo inaweza kubeba kama lita 300. Maji yako gizani, hayapati joto la jua, na mbu hana pa kutagia. Sisi wa fani hii tunasifu sana mitambo, lakini huu ni mtambo usio na kitu chochote kinachozunguka.

Hebu tupige hesabu. Venezia inapata mvua ya karibu milimita 800 kwa mwaka, kiasi ambacho mkazi wa Mombasa au Zanzibar angekiita kidogo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kinapokea basi lita 400,000 kwa mwaka. Tuseme robo inapotea kwa jua na kwa kumwagika. Zinabaki 300,000. Ukimpa kila mtu lita 10 kwa siku za kunywa na kupikia, kiwanja hicho kimoja kinatosheleza watu kama 80. Tena hapo sijahesabu mapaa. Nyumba nyingi zina mifereji ya jiwe kwenye ukingo wa paa, na mabomba yanayoshuka ndani ya kuta hadi kwenye kisima cha ua. Katikati ya karne ya 19 visima vya mji, vya umma na vya majumbani, vilihesabiwa zaidi ya 6,000.

Usimamizi wake ndio ulionigusa zaidi. Visima vya umma vilifungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa mkuu wa mtaa, na vikifunguliwa asubuhi na jioni kengele ililia. Waliojiweza walijenga visima kwa wasia. Katika Campo dell'Angelo Raffaele kipo kisima kilichotokana na mali ya Marco Arian, aliyefariki katika tauni ya 1348 akiwa ameacha fedha kwa kazi hiyo. Mwenzangu, ambaye hadi hapo alikuwa ananivumilia tu, aliposikia habari za wasia ule alisimama pale muda mrefu. Watu wa pwani yetu tunaijua sadaka ya namna hiyo. Kisima kilichowekwa wakfu hakihitaji maelezo kwetu.

Udhaifu ulikuwepo. Bamvua ikikutana na upepo wa sirocco unaosukuma bahari kaskazini, maji hupanda hadi viwanjani, na chumvi ikiingia kwenye yale matundu, kisima kinaharibika kwa miezi. Ndiyo maana baadhi ya visima vimejengwa juu ya jukwaa, unapanda ngazi kuvifikia, na kiwanja cha San Trovaso ni mfano mzuri. Wakati wa ukame maji yaliletwa kwa mashua kutoka Brenta. Chama cha wachukuzi wa maji kilikuwa na kazi hiyo, na mfereji maalumu, Seriola, ulichimbwa kuyafikisha maji ya mto hadi ukingoni mwa wangwa. Baadaye walikuwapo pia wanawake kutoka Friuli waliouza maji mtaa kwa mtaa, ndoo mbili kwa mzega.

Mwaka 1884 bomba kutoka bara lilifika, na visima vikaanza kufungwa. Siwalaumu, bomba liliokoa watu na maradhi. Kinachonisikitisha ni kilichofuata katika karne ya 20, pale viwanda vya Marghera, ng'ambo ya wangwa, vilipovuta maji ya ardhini bila kipimo. Tabaka za udongo zilizokamuliwa maji zilijibana, na mji ukazama haraka kuliko kawaida yake, hadi uvutaji ulipodhibitiwa kuanzia miaka ya 1970. Udongo uliojibana hauumuki tena. Leo usawa wa bahari ukilinganishwa na mji uko zaidi ya sentimita 30 juu ya ule wa 1897. Novemba 1966 maji yalifika sentimita 194 juu ya usawa huo wa 1897, na Novemba 2019 sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 milango 78 ya chuma, mradi wa MOSE, huinuliwa kwenye njia tatu ambazo bahari inaingilia wangwani, pale inapochachamaa.

Nikiwa pale nilikuwa nafikiria Shela. Mji wa Lamu unakunywa mvua iliyohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela, na huko hakuna fundi aliyekandika udongo. Maji matamu yanaelea tu juu ya maji chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni yake ya jumla ni kwamba kila sentimita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama sentimita 40 chini yake. Ukivuta hadi usawa ushuke sentimita moja, chumvi inapata nafasi ya kupanda sentimita 40. Wavenezia walilazimika kujenga kwa mikono kile ambacho Lamu imepewa bure. Kwa hiyo kila ninapoona kiwanja cha nyumba kinapimwa juu ya vilima vile, na shimo la choo linachimbwa ndani ya mchanga ule ule, nasema waziwazi kwamba ni kosa, hata kama mwenye nyumba ni rafiki yangu.

Kwa wawili wanaopanga kwenda na mabegi: laleni Mestre, upande wa bara, kama fedha ni kidogo, treni inafika kisiwani kwa kama dakika 10. Tangu 2024 anayeingia bila kulala hulipa ada katika siku fulani za msimu. Anayelala ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, amesamehewa, ila atalipa kodi ya malazi. Tikiti ya boti ya abiria tulilipa euro 9.50 kwa dakika 75, basi tukatembea. Mkipanda boti, vueni mabegi mgongoni. Msinunue maji: mabomba ya umma yamesambaa mjini kote, maji yake ni mazuri, na mara nyingi yako hatua chache tu kutoka kwenye kisima kilichofungwa. Na mkiingia ua wa Jumba la Doge, mtawala wa Venezia ya zamani, ambamo kila mtu anapiga picha midomo miwili ya visima ya shaba nyeusi ya karne ya 16, tafuteni kwanza matundu sakafuni.