Tui au Machicha? Kuchagua Karatasi ya Chujio Maabara

Anayekamua nazi anajua anachokitaka: tui liingie sufuriani, machicha yaende kwa kuku. Maabara si lazima iwe hivyo. Vijana wengi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hukosea kuchuja kwa sababu hawajajiuliza, kabla ya kufungua pakiti ya karatasi, wanataka tui, yaani maji yanayopita, au machicha, yaani chembe zinazobaki kwenye karatasi.

Karatasi ya chujio ni selulosi, yaani nyuzinyuzi za mimea, karibu tupu. Nyingi hutengenezwa kwa nyuzi fupi zinazobaki zimeng'ang'ania mbegu baada ya kiwanda kuchambua pamba. Nyuzi hizo hulala ovyo, moja juu ya nyingine, kwa hiyo chembe hunaswa ndani ya unene wa karatasi, si juu yake tu. Usitafute matundu yaliyopangwa kama ya wavu.

Kwenye pakiti kuna namba, nayo huwapotosha wengi. Kwa karatasi za kampuni ya Whatman, namba 1 hunasa chembe za kuanzia mikroni 11 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja). Namba 4 ni ya mikroni 20 hadi 25, halafu namba 5 inashuka ghafla hadi 2.5. Namba haipandi wala kushuka kwa utaratibu, soma maelezo.

Ukitaka tui, mfano maji yaliyopita kwenye udongo ili upime virutubisho, kunja karatasi mikunjo mingi ya mbele na nyuma, kama watoto wanavyokunja ya kujipepea. Eneo la kuchujia linaongezeka na kazi inakwenda haraka. Matone ya kwanza yakitoka na ukungu, yarudishe juu yapite tena.

Ukitaka machicha, hapo ndipo penye kazi. Tuseme unapima salfeti kwenye maji. Unaongeza kloridi ya bariamu, inatokea mashapo meupe ya salfeti ya bariamu, laini mno. Usiyachuje papo hapo. Yaache kwenye joto ili fuwele zikue, la sivyo zitapenya hata namba 42, ambayo ni ya mikroni 2.5. Kunja karatasi mara mbili tu, ifungue iwe na umbo la pia, chana kipembe kidogo cha mkunjo wa nje ili ishikamane na faneli, iloweshe kwa maji yaliyotoneshwa. Mimina polepole kwa kufuata kijiti cha kioo, wala usiijaze hadi ukingoni.

Kisha karatasi yote, pamoja na mashapo, inaingia kwenye kikombe cha kauri na kuchomwa. Namba 42 hubakiza majivu yasiyozidi asilimia 0.007 ya uzito wake, kwa hiyo kinachobaki kwenye mizani ni mashapo yako. Ukitumia namba 1, ambayo majivu yake hufika asilimia 0.06, unapima na majivu ya karatasi pia. Iache iungue taratibu bila kuwaka moto. Kaboni ya karatasi kwenye joto kali hugeuza salfeti ya bariamu kuwa salfaidi, na hesabu yote inaharibika. Nimeona kazi ya siku mbili ikipotea hivyo kwa dakika tano za haraka.

Asidi kali isiyozimuliwa usiipitishe humu kabisa. Hutafuna selulosi, tumia chujio la nyuzi za kioo.

Kwenye maonesho ya Nane Nane mama mmoja kutoka upande wa Arusha alituletea chupa ya maji ya kisima. Tulipoyachuja yakang'aa, akauliza kama sasa anaweza kumpa mjukuu. Hapana. Bakteria wengi wana upana wa mikroni moja au pungufu, wanapita. Na floridi, ambayo maeneo ya Bonde la Ufa kama kwao inajulikana kwa kuharibu meno, imeyeyuka majini kama chumvi: karatasi haiizuii, kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Takataka zilizobaki kwenye karatasi tukazitupa, tukampimia tui.