Je, wajua kwa nini mnyanya huanza kugeuka njano majani ya chini?

Jani la mnyanya likigeuka njano, mkono wa kwanza huenda kwenye kopo la maji. Nilikuwa na minyanya sita kwenye ndoo za lita 20 nyuma ya nyumba, na msimu mzima kila jani la njano nililichukulia kuwa lina kiu. Asubuhi maji, jioni maji. Njano ikazidi kupanda, nikaongeza urea, mbolea ya nitrojeni, nayo haikusaidia.

Jani lenye kiu hulegea na kuning'inia kwanza. Njano ya taratibu, jani baada ya jani, mara nyingi hutokana na jambo jingine, na maji mengi ni mojawapo. Mizizi iliyokaa kwenye tope hukosa hewa, ikashindwa kufyonza chakula kilichopo palepale. Isitoshe, nitrojeni huyeyuka upesi, ikatoka na maji kwenye matundu ya ndoo. Ndiyo maana urea yangu haikufika popote. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, mmea hauhitaji maji.

Sasa kwa nini chini? Kijani cha jani ni klorofili, na kila molekuli yake ina atomu moja ya magnesiamu katikati, imezungukwa na nne za nitrojeni. Mfikirie mtu anayejenga nyumba mpya akaishiwa mabati. Hupanda kwenye nyumba yake ya zamani, akang'oa mabati na misumari, akaezekea mpya. Mnyanya hufanya vivyo hivyo: nitrojeni na magnesiamu hung'oka, kwa hiyo zikipungua, mmea huzitoa kwenye majani makongwe na kuzipeleka kwenye machipukizi. Jani la chini hubaki nyumba isiyo na paa.

Lakini zege likishaganda haling'oki. Kalsiamu na chuma viko hivyo; vikishaingia kwenye jani, karibu vyote hubaki humo. Vikipungua, nyumba ya zamani iko salama, mpya ndiyo inayoteseka.

Hapo ndipo uchunguzi unaponoga. Chukua jani la njano, liinue dhidi ya jua. Likiwa njano lote sawasawa na ni la chini, fikiria nitrojeni: samadi iliyoiva vizuri, au kidogo mbolea ya CAN, ambayo nayo ina nitrojeni. Mishipa ikibaki kijani na nafasi kati yake zikiwa njano, kama mito kwenye ramani, tazama ulilichuma wapi. Chini, ni magnesiamu. Juu kabisa, ni chuma. Picha karibu ni ileile, tofauti ni ghorofa tu! Kwenye udongo wa matumbawe wa pwani chuma huwa kipo tele, ila chokaa huufanya udongo uwe na alkali na mizizi ikashindwa kukichukua. Kuongeza majivu hapo kunazidisha tatizo.

Chumvi ya Epsom, inayosifiwa kwa kila jani lenye shida, ni salfeti ya magnesiamu. Husaidia pale magnesiamu inapokosekana kweli. Ikizidi, huizuia kalsiamu kufyonzwa, na tunda huoza kitako.

Kanuni hii ya chini na juu haifai kwa magonjwa. Bakajani tangulia nayo huanzia chini, kwa sababu vimelea vyake huruka na matone ya maji kutoka udongoni. Itambue kwa madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Ondoa majani hayo, tandaza nyasi kavu, mwagilia shinani. Majani ya juu yakijikunja, yakadumaa na kingo zikawa njano, hiyo huenda ni rasta, virusi vinavyoletwa na nzi weupe. Haina dawa, ng'oa mche kabla haujaambukiza jirani zake. Na mmea uliosheheni matunda ukipoteza jani moja au mawili ya chini, huo ni uzee tu.

Ndoo zangu niliziongezea matundu, nikawa namwagilia pale tu kidole kinapotoka kikavu, kisha nikaweka samadi. Majani ya njano hayakurudi, na nimejifunza kutoyasubiri. Niliangalia kilele, na jani jipya likatoka kijani kilichokolea, na ile harufu kali ya mnyanya ikabaki vidoleni.